Letay na Mtungi wa Adi Zahla

Letay Gebru hakuwa mtu wa kanisani sana, lakini kanisa lilimfuata nyumbani.

Alipoolewa kijijini Adi Zahla, miaka thelathini na minne iliyopita, kile kilima nyuma ya ua wake kilikuwa kilima tu, cha mawe na miiba, mahali pa mbuzi kupanda na kukataa kushuka. Kisha wakaja watu wa chuo kikuu na kamba na vigingi. Mwaka wa kwanza walipata ukuta. Mwaka wa pili wakapata nguzo na madhabahu, na ikajulikana kwamba Letay alikuwa akianika kimea chake juu ya kanisa la miaka elfu moja na mia tano. Mwaka wa tatu wakaanza kuyafukua majengo yaliyolizunguka kanisa, na majengo hayo yalikuwa yakisogea kuelekea nyumbani kwake, chumba kwa chumba, kama mgeni asiyejua kwamba hakualikwa.

Letay alikuwa mpika suwa. Kopo lililopachikwa juu ya kijiti mbele ya ua wake liliwaambia wapita njia kwamba pombe ya leo imeiva, na wapita njia wengi wa Adi Zahla walipita hapo mara mbili, kwenda na kurudi, hata kama walikuwa hawaendi popote. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke asiyesifu kitu. Siku ya kufa kwake, mama mkwe alionjeshwa kijiko kimoja cha suwa ya Letay, akafumba macho, akasema, "Haya, sasa naweza kwenda." Majirani walisema amekwenda kwa imani. Letay alijua amekwenda kwa suwa.

Kwa mitungi ile alimzika mume na kusomesha mabinti wawili. Mmoja sasa ni muuguzi mjini Mekele, na kila wiki humpigia simu mama yake kumweleza madhara ya pombe.

"Ndiyo, mwanangu," Letay hujibu. "Nimesikia. Hayo yote umeyasoma kwa suwa."

Asubuhi alifanya kazi kwa watu wa chuo kikuu, yeye na wanawake wengine wa kijiji, kuchekecha udongo uliotoka shimoni na kuokota vigae na mifupa. Alasiri wachimbaji haohao walikuwa wateja wake. Mpango huo ulimfaa kila mtu, mpaka Jumatatu ile walipokifikia chumba kidogo upande wa kaskazini wa kanisa.

Chumba kilikuwa kimejaa vumbi la karne nyingi, na walikuwa wamefukua nusu yake tu. Katika nusu hiyo kulikuwa na mtungi mkubwa uliofukiwa sakafuni mpaka mabegani, jukwaa la udongo lenye duara pana katikati, na benchi refu la mawe, ambalo sehemu yake bado ilikuwa imezama kwenye vumbi. Juu ya benchi hilo palikuwa na mashimo matatu ya mviringo, yamepangwa mstari, kila moja likiwa na ukubwa wa bakuli.

Msimamizi wa uchimbaji, Daktari Fisaha, alipiga magoti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Mekele, aliyelelewa juu ya duka la vitabu. Pombe aliijua kwa chupa tu, na hata hiyo aliisoma lebo kwanza.

"Inawezekana," alisema polepole, "nasema inawezekana tu, kwamba hiki ni chumba cha ubatizo."

Alisema "inawezekana" mara mbili. Kasisi Welderufael, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa shimo chini ya mwavuli wake, hakusikia hata moja.

"Mashimo matatu!" alinguruma. Alikuwa mtu mrefu kama mlango wa ghala, na sauti yake ilizoea kushindana na ngoma. "Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu! Nani atabisha?"

Hakuna aliyebisha. Kubishana na Utatu Mtakatifu saa nne ya asubuhi, juani, si jambo dogo.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeenea mpaka ng'ambo ya mto. Wanawake walikuja na majagi. Daktari Fisaha alikuwa ameweka mlinzi, na mlinzi ndiye aliyekuja na jagi la kwanza. Walimimina maji kwenye ule mtungi, wakayachota tena, wakayapeleka nyumbani kuyanywa na kuwapaka wagonjwa na ng'ombe wasiotoa maziwa. Daktari aliporudi kutoka kula chakula cha mchana alikuta mtungi umesuguliwa ndani unang'aa, maana mtu mmoja mwenye heshima zake alikuwa ameona si vizuri kuuacha mchafu.

"Mlichokisugua!" alisema, na sauti ikamkatika. "Kile kilichoganda ndani! Nilitaka nikipeleke maabara!"

"Kilikuwa kimeshika sana, Daktari," mlinzi alimpa pole. "Tumetumia mchanga."

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Tiblets, mwanamke mfupi, mnene, mwenye ulimi wa haraka. Naye alipika suwa, kule chini karibu na kisima, na naye alichekecha udongo asubuhi, kwenye chekeche lililokuwa kando ya chekeche la Letay.

"Goti langu la kulia," alitangaza, akivuta gauni juu kidogo ili walione. "Tangu Pasaka halikunjiki. Nimepaka maji ya ule mtungi mara moja tu. Angalieni!" Akalikunja, akalikunjua. "Kama la msichana."

"Jana ulimkimbiza punda wa Hadera mpaka mtoni," Letay alisema bila kuinua macho.

"Nilikimbia kwa lile la kushoto."

Jumanne kamati ya kanisa ilikaa, na ikaamua kwamba si halali pombe kuuzwa ndani ya hatua mia moja kutoka chumba cha ubatizo. Wajumbe walipanda kilimani kwenda kupima. Kasisi Welderufael alianzia kwenye mlango wa chumba kile, akainua kanzu yake kidogo, na kwa miguu yake mirefu akapiga hatua thelathini na moja, akajikuta amesimama katikati ya ua wa Letay, mguu mmoja ndani ya kimea.

"Thelathini na moja," alisema.

"Hizo ni hatua zako, Baba," alisema Letay. "Wewe ukipiga hatua, mwingine anasafiri. Mpe Tiblets apime."

Tiblets alipima kwa moyo mmoja, akijitahidi kurusha miguu mbali, akapata arobaini na nane. Alirudi akihema.

"Arobaini na nane si mia," kasisi alisema.

"Najua kuhesabu, Baba. Nahesabu kitu kingine. Madhabahu imekuwa hapo nyuma yangu mwaka mzima, na hukusema neno. Ulikunywa hapa Alhamisi."

Kasisi alikohoa. "Madhabahu isiyo na sanduku lake takatifu ni mawe tu, mama. Lakini maji ya ubatizo ni jambo lingine. Maji hayasahau."

"Na Jumapili mkitoka misa, mnakunywa nini pale uani mwa kanisa? Si suwa?"

"Ile ni senbete. Ni ushirika, kila nyumba kwa zamu yake. Hainunuliwi. Yako ina kopo juu ya kijiti." Alishusha sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Una mpaka Jumapili, Letay. Kamati itasoma uamuzi baada ya misa. Kuna kiwanja kule ng'ambo ya bonde."

"Ng'ambo ya bonde wanakaa nyani."

"Basi hutakosa wateja," alisema Tiblets.

Jioni hiyo Letay alikaa mbele ya mitungi yake bila kufanya kitu. Kuhama si kubeba mitungi tu. Jiko lake la kuchomea mikate ya injera lilikuwa limekaa mahali pake kwa miaka thelathini na minne, na mwili wake ulilijua kama ulimi unavyojua meno. Gizani, kwa mkono ulionyooshwa bila kutazama, alipata kata, akapata chujio, akapata jiwe. Ng'ambo ya bonde angekuwa mgeni kwenye jiko lake mwenyewe. Na wateja wasingevuka bonde. Mlevi hushuka bonde vizuri sana, ila kupanda ndiyo kazi.

Jumatano asubuhi Daktari Fisaha aliwaita wanawake wawili wa chekeche waje wachukue makarai ya udongo chumbani, na ndivyo Letay alivyoingia mara ya kwanza ndani ya chumba cha ubatizo.

Alisimama. Alipata kile anachokipata mwanamke akiingia jikoni kwa mwanamke mwenzake, yaani hamu ya kutafuta kosa. Akalipata palepale.

"Mtungi umekaa karibu mno na moto," alisema. "Itachacha."

"Nini itachacha, mama?" aliuliza Daktari.

"Suwa."

Daktari alitabasamu kwa adabu, kama watu wa chuo wanavyotabasamu. "Mama Letay, hiki ni chumba cha karne ya sita, ubavuni mwa kanisa."

"Na hili ni jiko la injera." Alilionyesha lile jukwaa la udongo. "Hapa inakaa sahani, chini huku unaingiza kuni. Unachoma mkate wa suwa hapa, unauvunja, unatia na kimea na majani ya gesho ya kuipa uchungu, unaiacha kwenye ule mtungi. Hayo mashimo kwenye benchi ni ya kukalisha mitungi ya kuchujia, kwa sababu matako yake ni ya mviringo. Haikai pengine. Hata yangu haikai."

Tiblets, aliyekuwa nyuma na karai lake, alicheka mpaka udongo ukamwagika. "Mwenzetu anaona pombe mpaka kaburini! Siku ya kiama atamwuliza malaika, 'Tarumbeta hilo unalichuja na nini?'"

Lakini Daktari hakucheka. Alilitazama jukwaa, akaitazama sakafu nyeusi mbele yake, akashika kidevu. "Kwa kazi yetu, mama, hatusemi kitu bila ushahidi. Ule mtungi ungetueleza, lakini wameshausugua."

"Mmefukua nusu ya chumba," Letay alisema. "Je, nikikwambia kilichomo kwenye nusu ya pili kabla hujaigusa, huo utakuwa ushahidi?"

Daktari alifikiri. "Utakuwa ushahidi mkubwa sana," alisema.

Letay alivua viatu. Alikusanya gauni lake, akakaa kwenye ukingo wa lile jukwaa, mgongo ukutani, mlango mbele yake, kama anavyokaa kila siku ya Mungu. Akafumba macho, akanyoosha mikono. Wachimbaji wote waliacha kazi wakaja kuchungulia.

"Hapa," alisema, mkono wa kulia ukiwa unaning'inia juu ya vumbi ambalo halijafukuliwa, "jiwe la kusagia. Hata kama halipo tena, utaona mahali lilipokaa. Kule nyuma, pembeni, ambako upepo haufiki, shimo la kuoteshea kimea. Na hilo benchi haliishii hapo. Mpishi mwenye mitungi mitatu tu hana wateja."

Daktari aliandika yote kwenye daftari, akaweka tarehe, akamwomba Letay aweke kidole gumba. Letay aliandika jina lake, kwa herufi kubwa.

Walichimba Jumatano hiyo mchana na Alhamisi nzima. Lakini kuchimba kwa watu wa chuo si kama kuchimba viazi, ni kushuka unene wa ukucha, kupiga picha, kushuka unene wa ukucha, kuchora. Alhamisi jioni palikuwa pamebaki kiasi cha shubiri moja ya vumbi kufikia sakafu, na kesho yake ilikuwa tarehe ishirini na moja ya mwezi, siku ya Mariamu.

Siku ya Mariamu mtu wa Adi Zahla hagusi ardhi kwa chuma. Halimi, hachimbi, hasagi nafaka, hapasui kuni. Na baada ya Mariamu ilikuwa Jumamosi, ambayo nayo haichimbwi, na baada ya Jumamosi, Jumapili, na kamati, na nyani.

Ijumaa asubuhi wachimbaji walikuja hata hivyo, wamevaa shuka nyeupe za ibada, wakakaa kuzunguka shimo wakiutazama udongo kama watu waliofungiwa duka. Nusu ya kijiji ilikuja nyuma yao. Kasisi Welderufael aliwakuta hapo alipotoka misa.

"Baba," alisema Letay, akainama akabusu msalaba wake, "kuchimba leo ni dhambi?"

"Unajua kuwa ni dhambi."

"Na kufagia?"

Kasisi aliitazama ile shubiri ya vumbi. Hakulala vizuri tangu Jumatano, na ukweli ni kwamba alitaka kujua kuliko mtu yeyote. Alitazama mbinguni, kisha akatazama brashi ndogondogo kwenye sanduku la Daktari.

"Kufagia," alisema kwa uzito, "ni usafi. Mariamu mwenyewe alifagia nyumba yake Nazareti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliacha vumbi."

"Kwa brashi, basi?"

"Kwa brashi. Chuma, hapana. Nikiona chuma nawatenga na kanisa wote, hata Daktari."

Haijawahi kutokea chumba kikafagiwa namna ile. Watu kumi na mmoja waliingia na brashi, na zilipokwisha wakaja na mikia ya ng'ombe, na manyoya ya kuku, na mlinzi akaja na brashi yake ya kunyolea ndevu. Vumbi lilipanda likawafunika mpaka shuka nyeupe zikawa za rangi ya kahawia. Daktari alikuwa akiruka huku na huku akilia, "Polepole! Jamani, kwa tabaka! Kwa tabaka!" na hakuna aliyejua tabaka ni nini.

Saa sita sakafu ilionekana, kwanza upande wa kulia wa jukwaa, pale mkono wa Letay uliponing'inia.

Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa hata na alama ya jiwe. Sakafu ilikuwa tupu, laini, kama kiganja cha mtoto.

"Aa," alisema Daktari, kwa huzuni ya kweli.

Walifagia ile pembe ya nyuma, ambako upepo haufiki. Shimo la kimea halikuwepo.

"Labda nyani wamelichukua," alisema Tiblets, na watu wakacheka, hata wale waliokuwa upande wa Letay, kwa sababu walikuwa wamechoka na kucheka kulikuwa karibu.

Letay alishuka shimoni tena, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa kama mara ya kwanza. Kiti kilimkaa vibaya. Jumatano hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa amefumba macho na watu walikuwa wakimtazama. Sasa aliufuata ukingo wa udongo kwa vidole. Upande wa kulia ulikuwa na kona kali, kama siku ulipofinyangwa. Upande wa kushoto ulikuwa umelika na kung'aa, umeingia ndani, umefanya bonde dogo, kama kizingiti cha mlango wa nyumba yenye wageni wengi. Alihamia pale. Mwili wake ukazama kwenye lile bonde.

Aliunyoosha mkono wa kushoto. Polepole sana akaanza kutabasamu.

"Maskini weee," alisema. "Kumbe alikuwa mashoto."

"Nani?" aliuliza Daktari.

"Mwenye jiko! Alitumia mkono wa kushoto. Walimsemaje, maskini! Mama mkwe wake alimpiga mikono mpaka akachoka." Akageuka kwa wafagiaji. "Yote niliyoyasema yageuzeni. Jiwe liko huku. Kimea kiko pembe ile, nyuma ya mlango. Si mahali pazuri, mimi nisingekiweka hapo, lakini yeye hakuwa na njia. Fagieni!"

"Hivyo hata mimi naweza kutabiri," alisema Tiblets. "Mvua itanyesha kesho, na isiponyesha, mawingu yalikuwa mashoto."

Lakini walifagia. Na jiwe la kusagia lilitokea, hapohapo chini ya vidole vya Letay vya kushoto, limelalia ubavu, na kando yake jiwe dogo la kushikwa mkononi. Letay aliomba ruhusa ya Daktari, akaliweka kiganjani. Mkono wa kulia lilikaa kama kiatu cha mtu mwingine. Alilihamishia kushoto, na kila kidole kikapata shimo lake.

Nyuma ya mlango mlinzi, kwa brashi yake ya ndevu, alifikia shimo lililotandikwa mawe bapa, na kati ya mawe kulikuwa na punje nyeusi, zilizoungua. Daktari alilala kifudifudi na kioo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka watu wakadhani anasali.

"Shayiri," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Imechipua. Kila punje ina mkia. Mtu aliiotesha, halafu ikaungua."

"Nilisema mtungi uko karibu na moto," alisema Letay. "Hakuwa mwangalifu na moto yule."

Wakati huo mfagiaji aliyekuwa kwenye benchi alikohoa. "Baba Kasisi," aliita. "Kuna shimo la nne."

Kasisi Welderufael alilitazama lile shimo la nne kama mtu anavyomtazama mjumbe asiyemjua amekaa kwenye mkutano wa ukoo. Mfagiaji, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza, alipiga brashi mara tatu zaidi.

"Na la tano," alisema.

Hakuna aliyecheka. Watu waliinamisha vichwa kwa kumhurumia kasisi wao, ambaye Jumatatu nzima alikuwa amehubiri juu ya matatu. Alikuwa amesimama na mwavuli wake, amepungua urefu. Kijiji kizima kilikuwa kimekunywa maji yaliyosuuza mtungi wa pombe na kuyaita maji ya ubatizo. Ng'ombe walikuwa wamepakwa.

Letay alimtazama. Alikuwa ameshinda, na angeweza kusema neno moja ambalo Adi Zahla ingelirudia kwa miaka ishirini. Neno lenyewe alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini kasisi huyu ndiye aliyemzika mumewe, akalia kwenye mazishi, tena bila haja.

"Baba," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ukingoni, "chumba hiki ni cha kanisa kweli, kama ulivyosema. Mlango wake unaelekea uani mwa kanisa. Sasa, wale Wakristo wa kale, wakitoka misa ya Jumapili, njaa imewauma tangu alfajiri, walikaa hapo nje wakagawana nini? Maji?"

Kasisi aliinua kichwa polepole. Mwanga ulianza kumrudia machoni, kisha mabegani, kisha kwenye kifua.

"Senbete!" alinguruma. "Miaka elfu moja na mia tano! Nani atabisha? Baba zetu walikaa hapa, mkate mkononi, suwa mkononi, wakimshukuru Mungu! Hiki ndicho chumba cha ushirika!"

"Inawezekana," alisema Daktari Fisaha kwa haraka. "Inawezekana kabisa."

"Na goti langu?" aliuliza Tiblets.

"Suwa imeponya magoti mengi," alisema Letay. "Ubaya wake ni kwamba kesho yake yanarudi."

Jumapili, baada ya misa, kamati ilisoma uamuzi. Ulikuwa mrefu, na ulitaja baba zetu mara tisa, lakini maana yake ilikuwa kwamba mahali palipopikiwa suwa tangu enzi za baba zetu pasiondolewe suwa, na kwamba Letay Gebru akae alipo. Kisha kanisa zima, wanaume kwa wanawake, shuka nyeupe zimefuliwa upya, lilipanda kilimani kwenda kumpongeza, na kila mtu alikuwa amechukua kikombe chake.

Letay alikuwa ameinama juu ya mtungi mkubwa, ana kata mkononi. Alionja, akatema. Akaonja mtungi wa pili.

"Vipi, mama?" aliita kasisi kutoka mlangoni. "Tumekuja!"

"Mmekuja bure. Imeharibika." Alisimama akajifuta mkono. "Siku tatu nimekaa shimoni napapasa jiko la mtu, langu sikuligeukia. Imechacha yote."

"Kuchacha kidogo tu, haidhuru," alisema mlinzi, na wengi wakamuunga mkono. "Leo ni siku ya furaha. Lete, tutafumba macho."

"Mtafumba macho, mtafungua midomo, halafu mtasema mlikunywa kwa Letay." Alikwenda mbele ya ua, akaling'oa lile kopo na kijiti chake mbele ya macho ya kamati yote. "Hii siitoi. Nendeni kwa Tiblets."

Ndipo Tiblets, aliyekuwa nyuma ya wote kwa sababu alikuwa amekuja kwa aibu, alipojipenyeza mpaka mbele.

"Kwangu ipo," alisema. "Nilipika nyingi. Nilidhani..." Hakumaliza alichodhani. "Lakini kwangu hamtaenea. Vijana wanne waje wabebe mitungi, tunywe hapa."

Mitungi ililetwa. Mkate ulimegwa. Kasisi alibariki kwa kirefu, na watu wakakaa uani kwa Letay, kwenye mawe na kwenye magunia, na Daktari Fisaha akapewa pembe ya ng'ombe iliyojaa mpaka ukingoni, akaishika kwa mikono miwili, akatafuta mahali pa kusoma lebo.

Tiblets alimletea Letay kikombe yeye mwenyewe. Majirani wawili hao walikuwa wamepika suwa kijiji kimoja kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kuonja ya mwenzake. Letay aliinusa. Alichukua funda moja, akalizungusha mdomoni, akatazama mbali kuelekea bondeni. Alimeza. Akachukua la pili.

"Gesho umeitoa wapi?" aliuliza.

"Sikwambii," alisema Tiblets, na akakaa chini kando yake.